Nywele za Profesa

Jumapili ya tarehe 23 Julai 1989, Laurent Fignon alipanda baiskeli yake mjini Versailles akiwa na akiba ya sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 tu kufika Champs-Élysées, katikati ya Paris, na hapo Tour de France ya mwaka ule, yenye kilomita 3,285, ingefika mwisho. Alikuwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza mbio. Alikuwa mzaliwa wa Paris anayerudi kwao, tena katika mwaka ambao Wafaransa walikuwa wakiadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yao. Taji hilo alikwisha kulitwaa mara mbili, 1983 na 1984, na mwezi uliotangulia alikuwa ameshinda mbio kubwa za Italia. Kichwani hakuvaa kitu. Miwani ya duara iliyompatia jina la Profesa ilikuwa machoni, na nywele zake ndefu za rangi ya dhahabu alikuwa amezifunga kisogoni, zikipepea kila alipokaza mwendo.

Siku hiyo kila mwendeshaji alianza peke yake, akishindana na saa, na dakika mbili mbele yake alikuwa ametangulia aliyeshika nafasi ya pili, Mmarekani Greg LeMond, mtu aliyetembea na marisau mwilini. Aprili 1987 shemeji yake alimpiga bunduki kwa bahati mbaya wakiwa mawindoni California, na baadhi ya marisau madaktari waliyaacha yalipo, mengine jirani na moyo. Timu yake ilikuwa dhaifu, na kabla ya mbio kuanza hakuna aliyemhesabu. Siku hiyo alikuja na vitu viwili ambavyo wakongwe wa mbio za barabarani hawakuvipenda. Cha kwanza ni kofia ngumu iliyochongoka kwa nyuma. Cha pili ni usukani wa nyongeza, mabomba mawili yaliyochomoza mbele ambayo mwendeshaji huyalalia kwa viwiko, viganja vikakutana mbele ya pua. Usukani huo ulitoka kwa watu wa triathlon, wale wanaoogelea, wakapanda baiskeli, kisha wakamalizia kwa kukimbia. Kwa waendesha baiskeli wa Ulaya, hao walikuwa watu wa kuja wasiojua mila za wenyeji. LeMond aliwaambia wa timu yake wasimtajie muda wa mtu yeyote njiani. Akainama, akaenda.

Alitumia dakika 26 na sekunde 57, wastani wa zaidi ya kilomita 54 kwa saa. Fignon alitumia sekunde 58 zaidi. Toa zile 50 za akiba, zinabaki 8. Baada ya wiki tatu na zaidi ya saa 87 za kukanyaga pedali, Mfaransa alianguka juu ya lami baada ya mstari wa mwisho huku Mmarekani akirukaruka kwa furaha. Kwa kasi aliyokuwa nayo Fignon siku ile, sekunde 8 ni mita zisizofika 120, umbali ambao mzee hutembea kwenda dukani kununua chumvi. Hakuna Tour nyingine iliyoamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo, kabla yake wala baada yake. Fignon aliishi nazo sekunde hizo hadi alipofariki kwa saratani Agosti 2010. Watu walimsimamisha kumuuliza kama si yeye aliyeikosa Tour kwa sekunde nane, naye aliwajibu kwamba yeye ndiye aliyeishinda mara mbili.

Hadithi hii husimuliwa kwa pupa. Wengi huishia kwenye nywele: angezikata, au angevaa kofia, angeshinda. Mimi naona tunamwonea. Siku za mwisho Fignon alikuwa na jipu baya pale anapokalia tandiko, na aliyewahi kupanda baiskeli akiwa na kidonda mahali hapo anajua kwamba hata usingizi ni tabu. LeMond naye aliendesha vizuri siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yake. Wala Fignon hakuwa mtu wa kudharau vifaa. Baiskeli yake ilifungwa magurudumu mawili yaliyozibwa kama sahani, na mkuu wake, Cyrille Guimard, tangu enzi za timu ya Renault alikuwa akipeleka baiskeli na waendeshaji kwenye vyumba vya kupimia upepo. Kama kulikuwa na timu Ufaransa iliyojua upepo unakula nini, ni ile.

Hapo ndipo pana funzo lenyewe, na ni chungu zaidi kuliko la nywele. Usukani wa LeMond haukuwa siri iliyofichuliwa siku ya mwisho. Tarehe 6 Julai, katika mbio za kushindana na saa kutoka Dinard hadi Rennes, kilomita 73, LeMond aliutumia mbele ya macho ya watu wote. Alishinda, akavaa jezi ya njano, na Fignon akaachwa karibu dakika nzima. Waamuzi walikuwa wameuruhusu, na kilichoruhusiwa kwa mmoja kiliruhusiwa kwa wote. Zilibaki siku 17. Mabomba mawili ya alumini na skrubu chache hayahitaji siku 17. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga, lakini hapa sikio lilikuwa zima kabisa na lilikuwa la wataalamu. Kwa maoni yangu, kilichowazuia ni chimbuko la kifaa. Kama usukani ule ungebuniwa na fundi wa Milano au Paris, ungepimwa usiku uleule. Kwa kuwa ulitoka kwa watu wa kuja, ulionekana kuwa kituko kwanza, na kituko hakipimwi. Mwaka uliofuata karibu kila mtu alikuwa nao.

Mchezo huu una desturi ya namna hiyo, nayo ina historia ndefu kichwani kuliko mikononi. Mwaka 1991 shirikisho la kimataifa la mchezo, UCI, lilipojaribu kulazimisha kofia ngumu, waendeshaji waligoma katika mbio za Paris–Nice, na shirikisho likanywea. Walitoa sababu zao: joto, uzito, uhuru wa mtu juu ya kichwa chake. Sababu ambayo haikutajwa sana ni kwamba mabingwa waliowakuta hawakuvaa, na picha za ukutani zilionyesha vichwa wazi au kofia ya kitambaa. Julai 1995 Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki wa Barcelona, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet akafa, kichwa wazi. Hakuna awezaye kuapa kwamba kofia ingemwokoa, na ubishi huo ukatosha kuliahirisha jambo kwa miaka minane zaidi. Machi 2003, katika mbio zilezile za Paris–Nice, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka bila kofia na kufariki siku iliyofuata. Mwezi Mei mwaka huo sheria ikaja. Hata hivyo, mwanzoni waliachiwa wavue kofia kwenye mpando mrefu wa mwisho, kana kwamba desturi ilihitaji kusindikizwa hadi mlangoni.

Leo mwendeshaji wa mbio za barabarani akionekana bila kofia ngumu ndiye anayechekwa. Urembo umehama, ukakaa juu ya kitu kilekile kilichoitwa aibu. Machi 2024 timu ya Visma ilipojitokeza kwenye Tirreno–Adriatico na kofia kubwa za mbio za saa, zilizoteremka hadi mabegani, dunia nzima ya baiskeli ilicheka, na shirikisho likatangaza kwamba litaziangalia upya kanuni za maumbo ya kofia. Aliyeshinda mbio zenyewe ni Jonas Vingegaard wa timu hiyohiyo.

Mabingwa wana wahandisi na mishahara ya kuwatuliza. Mimi namwogopea mwanafunzi wao, yule wa Jumapili asubuhi. Nairobi, Arusha, Kampala, Kigali, vikundi vya waendeshaji wa baiskeli nyembamba vimeongezeka, na pamoja na baiskeli zimekuja kanuni za mavazi. Kundi moja la wapenzi wa baiskeli linalojiita Velominati lilizikusanya hata kuwa kitabu, nusu kwa utani. Miwani ivaliwe juu ya kamba za kofia, si chini yake. Kofia ya barabarani isiwe na ukingo wa kukinga jua. Kioo cha kutazamia nyuma ni mwiko. Utani huo umevuka bahari ukapoteza nusu yake ya utani. Mgeni wa kundi anayekuja na ukingo kwenye kofia, na kioo kidogo kimechomoza karibu na sikio, anatazamwa kama aliyeingia msikitini na viatu.

Tuanze na kioo, maana kukikosa ndiko kunakoua. Bingwa wa Ulaya hakihitaji kwa sababu barabara yake imefungwa. Mbele ana pikipiki za polisi, nyuma ana gari la timu, sikioni ana redio inayomwambia nani yuko wapi. Septemba 2025, Kigali ilipopokea mashindano ya dunia, ya kwanza katika bara la Afrika, barabara za mashindano zilifungwa, na Tadej Pogačar akaondoka na jezi ya bingwa bila kuwa na haja ya kujua kama kuna lori nyuma yake. Siku barabara zilipofunguliwa, lori lilirudi. Anayepanda kutoka Nairobi kuelekea Limuru, au anayetoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, gari lake la timu ni matatu au daladala inayowahi abiria. Kumwambia huyo asitazame nyuma kwa sababu bingwa hatazami ni kumvika jezi bila kumfungia barabara.

Tena kinyaa cha kioo hakikuanzia kwetu. Baba zetu waliomiliki baiskeli za Phoenix na Swala walifunga vioo viwili kwenye usukani, wengine vinne, pamoja na kengele, riflekta, taa ya dainamo na vipande vya raba vyenye maandishi kwenye madigadi. Baiskeli isiyo na kioo ndiyo iliyoonekana uchi. Wabeba abiria wa Kisumu na Shinyanga walishindana kwa mapambo hayo, na kioo kilikuwa fahari na kazi kwa pamoja. Mtoto wa mwenye Phoenix akinunua baiskeli ya kaboni leo anafundishwa kuona haya kitu ambacho baba yake aliking'arisha kila Jumamosi.

Ukingo wa jua una kesi tofauti kidogo, na hapa desturi nayo ipewe haki yake. Ukiinama sana, mikono chini kwenye usukani uliojikunja, ukingo mrefu wa plastiki hukatiza macho yako na unalazimika kuinua shingo ili uone mbele. Kwa kasi kubwa unashika upepo. Ndiyo maana uliachiwa wale wa milimani na vichakani, wanaokaa wima zaidi na kukwepa matawi. Lakini mtu wa makamo anayeendesha kilomita 25 kwa saa akielekea mashariki saa moja asubuhi, jua la ikweta likimchoma machoni, hajiinamishi kiasi hicho. Anachohitaji ni kuliona shimo. Kichekesho ni kwamba desturi hiyohiyo inamruhusu kuvaa chini ya kofia ngumu kofia ya kitambaa yenye ukingo mfupi mbele, kwa sababu magwiji wa zamani waliivaa. Ukingo wa kitambaa ni heshima, ukingo wa plastiki ni ushamba. Jua halijui tofauti. Basi, kwa anayeogopa macho ya wenzake, kofia ya kitambaa ndiyo njia ya kupitia: inakinga jua, inanyonya jasho, inazuia matone ya mvua kwenye miwani, na hakuna atakayemsema.

Na kama hata hivyo watamsema, amkumbuke Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundishwa na David Kinjah, mwenye rasta, katika kitongoji cha Kikuyu. Alipofika Ulaya walimcheka namna alivyokaa kwenye baiskeli: viwiko nje, macho chini, mwili ukiyumba. Alishinda Tour mara nne akiwa amekaa vilevile.

Anayeamua kuweka kioo akiweke upande wa kulia, kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto na hatari hutokea kulia. Vingi vinavyouzwa kwenye mitandao vimetengenezwa kwa ajili ya Wamarekani na hukaa kushoto, kwa hiyo aulize kwanza kama kinageuzwa. Akiwa Rwanda, Burundi au Kongo, cha kushoto ndicho sahihi. Asitoboe kofia ili kufunga chochote, kiwe kioo, taa au kamera, maana ganda lililotobolewa si ganda lilelile lililopimwa kiwandani. Kifungio kiwe cha kubandika au cha kubana, kinachobanduka chenyewe kofia ikigonga lami, na kioo kiwe cha plastiki. Siku za kwanza kitamtetemekea na kumzubaisha, kwa hiyo azoee katika barabara tulivu, na aendelee kugeuza shingo kabla ya kuhama njia, kwa sababu kioo kidogo kina pembe kisizozionyesha. Taa nyekundu ya nyuma ikae kwenye nguzo ya tandiko kwanza, na ya kofia iwe ya ziada, kwani kichwa kikigeuka taa nayo inageuka. Rangi ya kofia iwe ile dereva aliyechelewa ataiona mapema, hata kama haifanani na jezi.

Baada ya hapo wenzake na wamcheke mpaka Limuru.