Je, Namba Yafanya Santuri Iwe Njema?

Wazee walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya busara, lakini yafaa tuifikiri tena kila tuonapo santuri za muziki zikipangwa kwa namba, kana kwamba uzuri wapimwa kwa ratili.

Mwaka 2003 gazeti la Rolling Stone la Marekani lilitoa orodha ya santuri 500 lilizoziita bora kupita zote, nyingi zikiwa za muziki wa roki. Ya kwanza ilikuwa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles, iliyotoka mwaka 1967. Mwaka 2020 gazeti lile lile liliwauliza upya wanamuziki na wahakiki, zaidi ya watu 300. Safari hii ya kwanza ikawa What's Going On ya Marvin Gaye, ya mwaka 1971, na ile ya Beatles ikateremka mpaka nafasi ya 24. Katika santuri ile haikubadilika hata sauti moja. Waliobadilika ni waamuzi.

Je, tuseme basi kwamba uzuri haupo, ila maoni ya watu tu? Hasha! Mtu akikosea kuukadiria urefu wa mlima, mlima haupungui. Kuamua si kosa. Kosa ni kusahau kwamba mwamuzi naye ana umri wake, marafiki zake na mazoea yake. Mwaka 1969 mhakiki wa Rolling Stone aliidharau santuri ya kwanza ya Led Zeppelin. Mwaka 2003 gazeti hilo hilo likaipa nafasi ya 29.

Wengine watasema: Tuwaachie wanunuzi, maana fedha hazina upendeleo. Lakini hesabu nayo yategemea uaminifu wa mwenye kuhesabu. Zamani gazeti la Billboard lilipanga orodha zake kwa kuwauliza wenye maduka ni santuri zipi zilizouzwa sana, nao walijibu kwa kauli yao. Mwezi Mei 1991 lilipoanza kutumia hesabu ya mashine za madukani, muziki wa rap na wa kantri ulionekana mara kuwa na wanunuzi wengi kuliko ilivyodhaniwa. Watu hao hawakuzaliwa usiku mmoja. Walikuwapo siku zote, ila hawakuhesabiwa. Dhuluma ya namna hii haihitaji mwizi; yatosha kila mtu ajibu kwa kukisia.

Tena, hata hesabu ya kweli haijibu kila swali. Santuri ya The Velvet Underground & Nico ya mwaka 1967 iliuzwa kidogo sana ilipotoka; mwaka 2003 iliwekwa ya 13. Chema hicho hakikujiuza.

Basi tutenganishe mambo mawili. Ni wangapi walionunua? Hilo hujibiwa kwa hesabu ya haki. Je, ni njema? Hilo hujibiwa kwa sababu. Mhakiki atoaye sababu humwachia msikilizaji uhuru wa kukubali au kukataa; atoaye namba tupu ataka kutiiwa tu. Na kijana aonaye haya kuipenda santuri isiyo katika orodha amekwisha kuazima masikio ya watu wengine.

Enyi wazazi, mtoto wenu akiwaletea orodha ya namna hiyo, msimcheke wala msimkemee. Mwulizeni: Wewe mwenyewe umesikia nini humo? Akijifunza kulijibu swali hilo kwa kweli, atajua pia kuwapima watu na mambo yaliyo makubwa kuliko santuri.