Hesabu Pia ni Khabari: Ipelelezeni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zetu Waislamu wa Mambrui na miji jirani! Zamani khabari ya uwongo ilikuwa ikitembea kwa miguu. Hutoka Malindi asubuhi, ikavuka Sabaki, ikafika barazani kwetu baada ya Alasiri. Leo iko mfukoni mwa kila mmoja wetu, na kabla mtu hajamaliza kuisoma huwa ameshawapelekea watu hamsini. Na khabari iliyo mbaya zaidi ni ile iliyovishwa tarakimu. Mtu akiambiwa "watu wengi" huuliza, "Wengi kiasi gani?" Lakini akiambiwa idadi, hunyamaza na kusadiki, kana kwamba tarakimu haijui kusema uwongo.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, tukijiwa na fasiki na khabari tuipeleleze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Na katika Sura ya Al-Israa, aya ya 36, ametukataza kufuata tusilo na elimu nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba yatosha kwa mtu kuwa mwongo kwamba ahadithie kila alisikialo. Basi yule anayesema, "Mimi sikuzua, nimepeleka tu kama nilivyoletewa," na atafakari mafundisho hayo, kwani hayakumwachia udhuru.

Wala mtu asidhani kuwa kuhesabu watu ni bidaa tuliyoletewa na wageni. Imepokewa na Bukhari kwa njia ya Hudhayfa kwamba Mtume s.a.w. aliamrisha aandikiwe watu waliosilimu, wakaandikwa wanaume 1,500. Na katika mapokezi ya Muslim imetajwa kuwa walikuwa baina ya 600 na 700. Je, wanavyuoni walipoziona hesabu mbili zisizolingana walifanyaje? Hawakuitupa moja kwa kutoipenda. Waliuliza kilichohesabiwa ni nini, na Imamu Nawawi akaeleza kuwa huenda hesabu ndogo ni ya wanaume wa Madina peke yao, na ile kubwa ni yao pamoja na Waislamu wa kandokando yake. Hii ndiyo elimu! Umma uliowafundisha walimwengu kuuliza isnadi, leo umekuwa ukipokea khabari isiyo na baba wala mama.

Kwa hivyo kila hesabu ikujiayo, iulize maswali manne. Nani aliyehesabu? Lini? Amehesabu watu gani, na wa wapi? Na kwa njia gani: amepita nyumba kwa nyumba, au amechagua nyumba chache kwa kura akazipimia nyingine, au ametazama daftari za zahanati, au amekadiria tu? Hesabu isiyoweza kujibu maswali haya haifai kusimuliwa, sikwambii kutolewa hoja.

Natuzitazame khabari tatu zipitazo katika simu zetu.

Ya kwanza ni ile isemayo kwamba Waislamu wa Kenya ni thuluthi ya wananchi wote. Neno hili hutupendeza, na kwa sababu hutupendeza hatuliulizi. Hesabu ya watu iliyofanywa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 iliandika watu 47,564,296 katika Kenya nzima, na waliojiandikisha kuwa ni Waislamu ni 5,152,194, yaani kiasi cha 11 katika kila watu 100. Katika hesabu ya 2009 walikuwa 4,304,798, na sehemu yao ilikuwa karibu ni hiyo hiyo. Anayeona kuwa tumepunjwa na alete dalili. Lakini anayesema thuluthi kwa kuwa moyo wake wapenda thuluthi, huyo amefuata hawaa, na kuitetea dini kwa uwongo ni kuitukanisha.

Na hizo hesabu hazikufichwa. Shirika la Takwimu la Taifa, liitwalo kwa ufupi KNBS, limeziweka katika tovuti yake, na kila mwenye simu aweza kuzisoma bila ya malipo. Zimo katika juzuu nne: ya kwanza ina idadi ya watu kwa kaunti na wilaya ndogo, ya pili yateremka mpaka kata na vitongoji, ya tatu yaeleza umri na jinsia, na ya nne ina mambo ya maisha, kama elimu, kazi na dini. Humo utaona kuwa Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 1,453,787, Malindi 333,226, na Magarini yetu 191,610. Chukua kalamu uzijumlishe wilaya ndogo zote tisa za Kilifi, utaziona zatimia jumla ile ile bila ya kuzidi wala kupungua. Hiyo ni njia nyepesi ya kuijaribu hesabu, naye kijana wetu wa madrasa aiweza.

Khabari ya pili ni ya chanjo. Huletwa ujumbe usio na jina kwamba watoto kadha wa kadha wamekufa, au kwamba dawa yakata kizazi. Mama husoma, hutetemeka, humfungia mtoto ndani. Ndugu zangu, jambo hili lilikwisha kutufika sisi Waislamu. Katika mwaka 2003, huko Kano katika Nijeria, chanjo ya kupooza ilisimamishwa kwa uvumi kama huu, na haikurejeshwa mpaka 2004, baada ya kuletwa chanjo kutoka Indonesia. Maradhi hayo yakatoka huko yakaingia nchi zilizokuwa zimekwisha kuyaondoa, yakafika Yemen na hiyo hiyo Indonesia. Waliolemaa ni watoto, na wengi wao ni watoto wetu. Waliovumisha walikuwa na miguu yao miwili.

Sasa tazama hesabu yenye isnadi. Uchunguzi wa Idadi ya Watu na Afya, ujulikanao kama KDHS, huwauliza mama wenyewe juu ya watoto waliowazaa, katika nyumba zilizochaguliwa kwa kura nchi nzima. Ule wa 2003 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Kenya, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulionyesha 41. Upungufu huu una sababu nyingi, na chanjo ni moja kubwa kati yao. Lakini tuwe waadilifu: hiyo ni hesabu ya Kenya nzima, si ya Mambrui, wala haijuzu kuifanya yetu.

Khabari ya tatu ni nzito, kwani yagusa heshima za mabinti zetu. Mwezi wa Novemba 2018 magazeti yaliandika kwamba wasichana zaidi ya 13,000 katika Kaunti ya Kilifi wamepata mimba. Watu wakaipokea kwa namna mbili, na zote mbili ni kosa. Wengine walisema, "Uwongo mtupu, twatukanwa," wakalala. Wengine wakaifanya ni ulimi wa kuwasengenya wasichana wa pwani wote. Wachache waliuliza. Katika hesabu za afya, wa miaka 15 mpaka 19 huwekwa kundi moja. Humo yumo mtoto aliyedhulumiwa, na yumo mke wa miaka 19 aliyeolewa kwa nikaha. Asiyetenganisha baina ya wawili hawa aweza kumzulia mwanamke msafi, na adhabu ya hilo imo katika Sura ya An-Nur. Lakini mtu asiyafanye maneno yetu mto wa kulalia: lau angekuwa binti mmoja tu aliyeharibiwa, angetosha kutukosesha usingizi.

Huenda mtu akasema, "Hizo ni hesabu za serikali, nazo hukosea." Kweli, hukosea. Katika mwaka 2010 serikali yenyewe ilizikataa hesabu za wilaya nane za kaskazini, kwa kuona kuwa ongezeko lake halikulingana na uzazi na vifo. Lakini ziliwezaje kushitakiwa? Ni kwa sababu aliyehesabu ajulikana na njia yake yajulikana. Uvumi hauna wa kushitakiwa.

Na tujue kuwa idadi ya watu ni moja katika mambo yanayotazamwa katika kugawanya fedha za kaunti na kukata mipaka ya uchaguzi. Tukienda kuomba zahanati, wakunga au dawa kwa kusema "sisi ni wengi", tutarudi mikono mitupu. Tukienda na juzuu na ukurasa, tutasikilizwa. Na desturi ya kuhesabu kila miaka 10 ikifuatwa, hesabu ijayo ni ya 2029. Yule afichaye watoto wake asiandikwe, amewapunguzia wenziwe haki yao.

Nabii Yusuf a.s. aliiokoa Misri na njaa kwa kupanga na kuhifadhi akiba ya miaka saba, akajisifu kwa mambo mawili: kuhifadhi na kujua. Basi tuhifadhi ndimi zetu, na tujue kabla ya kusema. Kila ujumbe ukujiao, uzuie mpaka upate isnadi yake; usipoipata, ufie kwako.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na utujaalie kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na utujaalie kuiepuka. Walinde watoto wetu na maradhi, na mabinti zetu na dhuluma, na ndimi zetu na uwongo. Amin.