Uliza Kwanza Jiwe Limetoka Wapi

Wajukuu zangu wa Mahoko, kila Mto Sebeya ukifurika kisha ukatulia nawaona mkiokota mawe ukingoni na kubishana: hili yai la dinosaria, lile fupa la mtu wa kale. Udadisi huo naupenda sana. Ninayemwogopa ni dalali wa sokoni anayewataka mtoe "hela ya kupima" ndipo awaletee mnunuzi kutoka ng'ambo. Mkishampa, hamtamwona tena.

Kabla ya kutazama umbo, ulizeni jiwe limetoka wapi. Hapa kwetu mawe yana koo mbili. Kuna makoro, yaliyotapikwa na volkano za Virunga yakiwa na joto la nyuzi 1,000 hivi. Mfupa ukitumbukia humo hausalii. Yale matundu yanayowadanganya ni mapovu ya gesi. Ligeuzeni jiwe juani: tundu moja linaingia kidole, jirani yake halipitishi hata sindano, na kuta zake ni laini, pengine zinang'aa. Vitundu vya mfupa halisi hukaribiana ukubwa, na juu ya mfupa huwa na gamba gumu lililoshikamana.

Ukoo wa pili ni mawe ambayo Sebeya huyasomba kutoka milima ya Gishwati. Mengi yana umri wa takriban miaka bilioni moja au zaidi, enzi ambazo duniani hapakuwa na kiumbe hata kimoja chenye mfupa. Mviringo wake ni kazi ya maji. Mkiona michoro myeusi ya matawi ndani ya ufa, itafuteni mishipa ya jani. Msipoiona, hayo ni madini ya manganizi.

Sisemi kwamba volkano haihifadhi kitu. Nyiragongo ilipolipuka Januari 10, 1977, lava ilizingira ndovu porini. Miili ikateketea, yakabaki mashimo yenye umbo lao. Na kule Laetoli, Tanzania, nyayo za watu wa kale zilizofukuliwa 1978 zilikanyagwa kwenye majivu ya volkano yaliyokwisha kupoa na kuloa mvua, miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Visukuku vya mifupa hupatikana palipotulia tope na majivu, kama Olduvai, Turkana na Ishango kando ya Ziwa Edward.

Jambo moja nawakataza kabisa: msichimbe kingo za Sebeya. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na udongo wa kingo zile bado ni mlegevu.

Mkipata jiwe linalowashinda, msilivunje wala kulisugua. Lipigeni picha pamoja na sarafu ili ukubwa wake ujulikane, andikeni mahali lilipokuwa, kisha mpelekeeni mwalimu wa sayansi au ofisi ya sekta. Dalali msimpe hata faranga moja.