Alikubali Mwenyewe



Wiki mbili zilizopita, nikiwa likizo nyumbani Mwanza, dada mmoja alinivuta pembeni baada ya sala ya jumuiya. Ana shahada ya uhasibu. Kwa miezi 14 sasa "anajitolea" kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi: anafunga hesabu, anapeleka fedha benki, anaandaa ritani za kodi. Anapewa nauli na chakula cha mchana, basi. Akaniuliza, "Frateri, hivi hii ni dhambi au ni soko tu?"

Nikamwambia avumilie, amtolee Mungu. Aliitikia kwa heshima, akaondoka. Jibu lile limenisumbua tangu siku hiyo, maana ni jibu la mtu anayeamka seminarini na kukuta uji mezani. Mimi sijawahi kuandika barua ya kuomba kazi.

Maneno ya mwajiri nayafahamu pia, tumeyasikia wote: "Sikumlazimisha. Alikubali mwenyewe. Akiondoka leo, kesho wako kumi getini." Na hasemi uongo. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na walioomba wakazidi 135,000, yaani watu zaidi ya 80 kwa kiti kimoja. Hali ikiwa hivyo, bei ya kazi inashuka yenyewe kama nyanya msimu wa mavuno. Ndipo swali la dada linapouma: kama bei imeshushwa na soko, nani ametenda dhambi?

Kwenye falsafa tulisoma mfano wa Aristotle wa watu wanaotupa mizigo baharini wakati wa dhoruba. Je, wanatupa kwa hiari? Kwa namna fulani ndiyo, mikono ni yao na uamuzi ni wao. Lakini hakuna nahodha mwenye akili timamu anayeng'oa nanga akitamani kutupa mzigo. Sasa mimi naongeza swali ambalo darasani hatukuliuliza: vipi kuhusu mwenye mtumbwi anayefuata nyuma akiokota magunia na kusema, "Si mmetupa wenyewe?" Dhoruba hakuileta yeye. Ila magunia yako nyumbani kwake.

Papa Leo XIII aliligusa jambo hili mwaka 1891 katika Rerum Novarum. Alifundisha kwamba makubaliano peke yake hayatoshi. Juu yake iko haki ya asili, kwamba ujira umwezeshe mfanyakazi kuishi. Na anayekubali masharti magumu kwa kuogopa mabaya zaidi, huyo ameonewa. Kwa hiyo "alikubali mwenyewe" inatueleza tu ilivyotokea. Haimsafishi mtu.

Sisemi kujitolea ni kubaya. Miezi mitatu ya kujifunza kweli, chini ya mtu anayekuelekeza, ni msaada mkubwa. Ila hapa nani anamfundisha nani? Dada ndiye aliyemfundisha bosi kutumia mashine ya EFD! Asipokuja siku moja, duka linayumba.

Wapo pia waajiri ambao kweli hawana. Mwenye genge anakula akishauza, atamlipa nani? Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alieleza kwamba nyuma ya mwajiri unayemwona yupo mwingine usiyemwona: dola, sheria, mfumo mzima wa uchumi, vinavyombana huyu wa kwanza. Haki tuwape. Lakini duka hili limenunua lori la pili mwaka huu, na aliyeliingiza kwenye vitabu ni dada huyo huyo.

Ningependa kuishia hapo, bosi awe mtu mbaya nisiyemjua. Shida ni kwamba namjua. Ni mwanajumuiya wetu, na kanzu ninayovaa altareni alinishonesha yeye. Nilipomwambia dada avumilie, nilikuwa natetea imani au natetea kanzu?

Jana nilimpigia simu, nikamwomba msamaha. Nikamwambia swali lake lilikuwa sahihi: soko ndiyo limeshusha bei, ila kuendelea kumnyima ujira mtu unayeweza kumlipa ni dhambi. Akacheka kidogo. "Sawa Frateri. Sasa mwambie yeye."

Jumamosi hii jumuiya inasali nyumbani kwake. Nimepangiwa kutoa tafakari.