Kulea watoto kwa ujira ni amana

SHUKRANI zote anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyezaliwa yatima akalelewa na mikono ya watu.

Ndugu Muislamu, pita asubuhi katika soko la vitunguu la Misuna, hapa Singida mjini. Utawakuta akina mama wakichambua vitunguu huku watoto wao wachanga wamelazwa juu ya viroba, katikati ya vumbi na malori. Si kwamba hawawapendi. Hawana pa kuwaacha. Mwingine mwenye uwezo kidogo humchukua binti wa miaka kumi na moja kutoka kijijini, akamwachia kichanga kutwa nzima. Mtoto anamlea mtoto, na wote wawili wanadhulumiwa: mmoja malezi, mwingine shule.

Mtaani kwetu yupo mama mmoja mjane aliyeamua kulea watoto saba wa majirani nyumbani kwake, tangu saa moja asubuhi hadi jioni. Huwapikia uji, huwaogesha, huwalaza kwenye mkeka. Jioni moja nilimkuta analia. Akaniambia: "Ustadhi, wazazi wanne hawajanilipa mwezi wa pili huu. Nikiwadai naambiwa, wewe si umekaa tu nyumbani? Unga umeniishia, nimeanza kuongeza maji kwenye uji."

Kauli hiyo ya "umekaa tu" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Je, dini yetu inasema hivyo?

Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah (SW) ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, kisha akaruhusu wazazi kumtafutia mtoto wao mnyonyeshaji mwingine, kwa sharti la kumlipa kwa wema. Katika Suratut Talaaq, aya ya 6, hata mama mzazi aliyeachwa ameamriwa alipwe ujira wake akimnyonyesha mtoto. Ikiwa mama mzazi ana ujira, vipi jirani?

Tazama pia sira. Wanawake wa Bani Saad walikuja Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha, wakitarajia malipo kutoka kwa baba zao. Yatima Muhammad (SAW) hawakumtaka, kwa sababu hakuwa na baba wa kulipa. Bibi Halima akamchukua, na baraka ikaingia nyumbani kwake. Leo nani atathubutu kusema Bibi Halima alikuwa "amekaa tu"?

Tuangalie na hali yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84. Muuza nyanya hana hata hizo. Baina ya siku 84 na miaka miwili kuna pengo kubwa, na anayeliziba ni yule mjane.

Kwa hiyo, wewe mzazi, lipa. Mtume (SAW) ametuagiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Kumcheleweshea mlezi miezi miwili huku unanunua vocha kila siku ni dhulma. Tena andikianeni: ni kiasi gani, kinalipwa tarehe ngapi, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika madeni. Kuandikiana kunalinda ujirani, hakuuvunji.

Na wewe mama mlezi, mche Allah. Suratul Mutaffifiin haikushuka kwa wauza nafaka peke yao. Anayepokea fedha ya uji mzito akanywesha maji, naye amepunja mizani. Usipokee watoto kuliko mikono yako. Jiko la mkaa na ndoo ya maji viwe mbali nao. Usimpe mtoto dawa ili alale upate kupumzika. Mtoto akianguka, mwambie mama yake siku hiyo hiyo. Nenda pia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako ujue taratibu za usajili, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeviwekea utaratibu vituo vya kulelea watoto mchana.

Misikiti nayo ina sehemu yake. Vyumba vingi vya madrasa hukaa vitupu asubuhi hadi mchana. Kwa nini wajane wawili watatu wasipewe chumba kimoja, na sadaka ya Ijumaa moja ikanunua unga na mikeka?

Yule mjane nilimwambia: "Mama yangu, usiongeze maji. Mwenye deni ni baba, si mtoto. Dai haki yako, na usipolipwa mrudishe mtoto kwao kwa wema, lakini maadamu yuko kwako mshibishe." Baada ya Isha tuliwaita wale wazazi wanne. Wawili walilipa, mmoja akaomba muda, mmoja alimuondoa mtoto wake. Siku iliyofuata nilimuona mtoto huyo sokoni, juu ya kiroba.

Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Baba wa mtoto yule ataulizwa. Na sisi majirani tunaompita kila asubuhi, tutajibu nini?

Wabillahi tawfiq.