Nia Njema na Jeraha la Mwenzetu



Mtu arudipo nyumbani kutoka hospitali baada ya kupasuliwa, nyumba yake hujaa wageni. Hilo ni jambo la kusifiwa, kwani kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye. Lakini mbele ya kitanda hicho husemwa mengi ya kutuhuzunisha. Mmoja humwambia mgonjwa aache vidonge alivyopewa, maadamu homa imeondoka. Wa pili humletea kahawa ya unga aitie juu ya mshono. Wa tatu humkataza kuinuka kitandani siku arubaini. Wa nne humhimiza atie udhu maji yapite juu ya jeraha, kwani Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi. Wote hao wampenda. Je, akidhurika kwa maneno yao, nia zao njema zitawaokoa na lawama?

Watasema wengi kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Ni kweli, lakini na tuikumbuke hadithi ya Jabir iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe, akapasuka kichwa. Kisha akapatwa na janaba usingizini, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa, na maji anayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari hakuwasifu kwa bidii yao ya dini, aliwalaumu kuwa wao ndio waliomwua, na kwamba iliwapasa waulize ikiwa hawajui.

Watu wale hawakuwa maadui wa yule majeruhi. Walikuwa wenziwe, na walitaka ibada yake itimie. Basi twafahamu kuwa nia hulitukuza tendo lililo jema, wala haigeuzi madhara yakawa manufaa. Mwenye kusema asilolijua juu ya mwili wa mwenziwe amejitwika amana asiyopewa.

Wala kufuata maagizo ya daktari si upungufu wa kutawakali. Mtume (s.a.w.) alimwamuru mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Dawa ya kuua vijidudu huagizwa kwa siku maalumu, na anayeikatiza njiani huenda akaviacha vingine hai. Kulala pasipo kujinyosha huweza kugandisha damu katika mishipa ya miguu, na donge hilo likapanda mapafuni likaua. Ndiyo maana wengi huamriwa watembee kidogo kidogo mapema, ila wasiinue mizigo. Na jeraha likivimba, likawa jekundu, likatoa usaha, au homa ikapanda, au muguu mmoja ukavimba na kuuma, au pumzi ikabana, basi si wakati wa kushauriana barazani; ni wakati wa kurudi hospitali upesi.

Ama udhu, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameshatueleza: palipo pazima huoshwa, juu ya bendeji hupanguswa kwa maji, na tayamamu huongezwa; na ikiwa hata kupangusa kwadhuru, huachwa. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Sheria imemhurumia mgonjwa; kwa nini sisi tumkazie?

Basi twendapo kumzuru mgonjwa, tumuulize kwanza alivyoagizwa na daktari, tumsaidie kuyashika. Tuoshe mikono, tuketi kitambo, tumwombee dua, tuondoke. Tumeona mwanamke aliyepasuliwa kwa uzazi akiinuka na mshono wake mbichi kuwapikia chai waliokuja kumpa pole! Hao walikuja kuchukua thawabu, wakamwachia maumivu. Afadhali aliyepeleka sufuria ya uji mlangoni, akateka maji, akaenda zake.

Tusijiulize tulikwenda mara ngapi. Tujiulize mgonjwa alipumzika kwa kuja kwetu, au kwa kuondoka kwetu.

Wabillahi taufiki.