Pafu la Kuchapwa na Haki ya Pumzi

Pumzi katika Kiswahili ina ukoo mpana. Apumuaye ndiye apumzikaye. Aliyechoka huambiwa avute pumzi. Naye aliyefariki twasema amekata roho, kana kwamba roho na pumzi ni uzi mmoja. Basi tusikiapo kwamba wataalamu wanajaribu kuchapa pafu la binadamu kwa mashine, lugha yenyewe yashtuka. (Kuchapa huku, tuwakumbushe wanafunzi, ni kupiga chapa, fimbo haimo.)

Mwaka 2022 kampuni mbili za Marekani, United Therapeutics na 3D Systems, zilionyesha kiunzi cha pafu kilichochapwa tabaka juu ya tabaka, chenye kilomita 4,000 za mishipa myembamba ya damu na vifuko vya hewa milioni 200. Lakini kiunzi si pafu. Chahitaji kujazwa chembe hai za mgonjwa mwenyewe, ili mwili usikikatae. Nao ukuta utenganishao hewa na damu katika pafu la kweli ni mwembamba kuliko unywele mara mia na zaidi. Hapo mafundi wangali wakihangaika. Faida iliyo karibu ni ya vipande vidogo vya tishu, ambavyo dawa yaweza kujaribiwa juu yake kabla ya kupewa mtu.

Sisi twalitazama jambo hili kutoka vilima vya Mahango. Katika wilaya hii ya Kasese, huko Kilembe, shaba ilichimbwa tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na reli ililetwa Kasese kwa ajili yake. Mchimba mwamba huvuta vumbi la mawe, nalo likishazama pafuni huacha kovu lisilofutika. Jikoni nako mama huvuta moshi wa kuni miaka nenda miaka rudi. Je, ahadi ya kiungo kipya yampunguzia tajiri wa kazi wajibu wa kukilinda kile cha kwanza? Twasema hasha. Maji ya kulaza vumbi na dirisha la jikoni havihitaji kungoja mashine ya mtu yeyote.

Hata hivyo hatuwezi kuishia hapo. Mwenye kovu leo hakingiki tena. Kumwambia kwamba kinga ni bora kuliko tiba ni kumsomea methali ilhali anakosa hewa. Kwa ajili yake mashine hiyo na iendelee.

Ugumu mwingine ni wa umiliki. Uganda ilitunga sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, na Desemba ya mwaka huo figo ya kwanza ikapandikizwa Mulago. Figo ya ndugu ni hiba, na sheria hairuhusu iuzwe. Pafu la kuchapwa halina mtoaji. Lina mtengenezaji, nalo litakuwa na bei. Ni mwili nusu, bidhaa nusu. Tena chembe hai zina historia yake: mwaka 1951, huko Baltimore, Henrietta Lacks alichukuliwa chembe zake bila kuulizwa, na zikastawi maabarani duniani kote huku jamaa zake hawana habari.

Siku mkulima wa Bwera atakapoombwa chembe zake, karatasi ya ridhaa itaandikwa kwa Kiingereza, au kwa Lukonzo na Kiswahili? Na neno "ridhaa" atafafanuliwa na nani, kabla hajatia kidole wino?